Kuku Aliyeatamia Mayai ya Duka

Fundi Hamimu alikuwa na mambo mawili ambayo hakuruhusu mtu yeyote wa mtaa wa Mutakura ayafanyie mzaha: swala yake ya alfajiri na kuku wake Mazuti. La kwanza watu waliliheshimu. La pili liliwashinda.

Kuku mwenyewe alikuwa mweusi wa kung'aa, na ndiko alikolipata jina, kwa maana Bujumbura dizeli huitwa mazuti na Hamimu alikuwa fundi wa magari tangu ndevu hazijamwota. Alifika gereji akiwa kifaranga. Alidondoka kutoka kwenye kapu la mteja aliyeleta gari lake litengenezwe breki, na mteja akasema, "Baki naye tu huyo, hatafika kesho." Miaka mitatu ikapita. Mteja alishahama mji, gari lilishauzwa, kuku yupo. Alilala ndani ya tairi kuukuu la lori nyuma ya gereji, akataga humo humo yai la rangi ya chai ya maziwa, na Hamimu akilala chini ya gari, Mazuti naye huingia akajikunyata karibu na sikio lake, akizungumza peke yake.

Ila siku hizi magari ya kulala chini yake yalikuwa machache. Mafuta yalikuwa hayaonekani mjini. Magari yalilala majumbani, mengine yalipanga foleni vituoni yakingoja uvumi, na gari lisilotembea haliharibiki. Wanagenzi wa gereji wakaenda kutafuta riziki kwingine. Akabaki Hamimu na funguo zake, redio yake na Mazuti. Kwa hiyo wale wanaosema mzee alimpenda kuku kupita kiasi, na waseme pia ni nani mwingine aliyekuwa akimtembelea.

Jumanne, walipokwisha kula, mkewe Assia akatoa tangazo. Jumamosi wangepokea wageni: wazazi wa Djibril, kijana wa mtaa wa Buyenzi aliyemtaka binti yao Sijaona, walikuwa wanaleta posa.

"Mzee Karimu mwenyewe atakuja," alisema Assia. "Na mutu kama ule hapewi kuku ya kizungu. Atapewa firigisi ya kuku ya hapa kwetu, aone kama amefika kwa batu."

Hamimu alijua mila hiyo, maana na yeye alishawahi kuwekewa firigisi hiyo. Baba wa kijana akija kuposa, firigisi huwekwa juu ya sahani yake peke yake, wengine wakimtazama. Akiila, mazungumzo yameanza vizuri. Asipoiona, hasemi kitu, lakini atalisema nyumbani kwake miaka ishirini.

"Si tununue sokoni?" akasema kwa sauti ya mtu anayepita tu.

"Soko gani? Kuku ya kwetu inashukaka kutoka milimani na malori, na malori yamelala. Weye ulienda lini sokoni, Baba Sijaona? Kuku iko moja tu. Na imenona."

Hamimu akaenda kufunga gereji. Alikuwa hodari wa kubishana na injini, si na Assia.

Jumatano asubuhi alimkuta Mazuti ndani ya tairi, hataki kutoka. Saa tatu, bado yumo. Saa nne, yumo. Alimtupia ukoko wa wali, chakula ambacho siku nyingine angemng'oa nacho kidole. Mazuti akautazama akafumba macho. Mtu mwingine angeingiwa na wasiwasi. Hamimu moyo wake uliruka kwa furaha. Kuku anaatamia! Na nani asiyejua kwamba kuku anayeatamia hachinjwi? Hata mwenye njaa humwacha aangue kwanza, maana akimchinja amekula na vifaranga.

Akapenyeza mkono chini ya kuku ili ahakikishe. Hakukuwa na yai hata moja.

Ni kweli, Assia huyaokota kila siku. Hamimu akasimama pale akijikuna kidevu. Hapo shetani akamnong'oneza, au tumsingizie shetani bure, yalikuwa mapenzi tu. Alivuka barabara mpaka kwenye duka la Birindwa, akarudi na mayai kumi ndani ya kofia yake, akayapanga moja moja chini ya tumbo la Mazuti. Kisha akamwita mkewe.

Assia alikuja akijifuta mikono kwenye kitenge. Akainama. Akamtazama kuku, akayatazama mayai, akamtazama mumewe, kisha akarudia mayai.

"Hee," akasema. "Kumi."

"Kumi," akasema Hamimu. "Alikuwa anayaficha."

"Basi ni sawa. Tutangoja bitoto bya kuku, inshallah." Akarudi jikoni, na usiku ule Hamimu alilala usingizi wa mtu mwenye akili nyingi.

Alhamisi akili ile ilimwisha. Mazuti hakuwa ndani ya tairi. Alikuwa amesimama kando yake, kifua juu, mkia chini, miguu kaiachanisha, na kile kilemba chake chekundu kilikuwa kimefifia. Kila baada ya kitambo alichuchumaa, akajikamua, mkia ukapanda na kushuka, kisha akasimama tena mdomo wazi, akihema. Hakuna kilichotoka. Mayai kumi yalikuwa yamesukumwa pembeni, baridi kabisa. Hamimu alipomgusa, kuku hakusogea hata hatua moja, na yule mzee aliyewahi kushusha injini ya lori kwa mnyororo na mikono yake akabaki kumwita jina lake kwa sauti ya chini.

Mungu ni mwema. Saa hiyo hiyo aliingia Chanelle akisukuma baiskeli. Chanelle alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa na kiduka cha dawa za wanyama mitaa miwili kutoka hapo, na pikipiki yake ilikuwa imekaa kwa Hamimu wiki tatu, imeshatengenezwa, inangoja petroli tu. Kila Alhamisi alipita kuiangalia kama mtu anayemtazama mgonjwa wodini.

"Bonjour, fundi. Mafuta imefika?"

"Dokteri, achana na mafuta. Kuja uone kuku. Iko inaatamia, lakini inaatamia vibaya."

Chanelle akaegesha baiskeli. Alichuchumaa, akamtazama Mazuti kwa muda bila kumgusa, naye Hamimu akamtazama yeye bila kupumua.

"Jana ulipotia mukono chini yake, alikudonoa?"

"Apana."

"Alivimbisha manyoya? Alikupigia makelele?"

"Apana! Mazuti ni kuku ya adabu."

"Fundi, kuku yenye kuatamia haina adabu," akasema Chanelle. "Ingekutoboa mukono. Na haisimamake hivi. Huyu haatamii."

Akamnyanyua taratibu, akamkumbatia kwapani, akapapasa tumbo kwa vidole viwili kati ya miguu. Vidole vikasimama mahali.

"Weka hapa. Usibonyeze."

Hamimu akaweka. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu cha mviringo, mahali ambapo hakikupaswa kukaa.

"Ni yai," akasema Chanelle. "Imekwama. Tangu jana, nafikiri. Alikuwa anakaa kwenye tairi sababu alitaka kuitoa na haitoki. Kama inapita siku moja tena, atakufa."

Tangu jana. Hamimu akageuka akayatazama mayai ya Birindwa. Kila dalili ya maradhi aliiona kwa macho yake mawili, akaihesabu kuwa bahati. Kuku alikuwa anaomba msaada, na yeye akamwongezea mayai kumi. Alijisikia mjinga, na zaidi ya mjinga alijisikia mkosaji, na hakuwa na mtu wa kumtupia lawama hata kama angemtafuta.

Assia alikuwa amesikia sauti. Alifika mlangoni mwa gereji, akamwona kuku, akaelewa. Akaingia ndani akatoka na kisu. Tusimhukumu, katika nyumba ya Kiislamu kuku mgonjwa huwahiwa, maana akishakufa mwenyewe ni nyamafu, haliwi tena na mtu.

"Baba Sijaona, roho iko bado. Tumuchinje kabla haijatoka."

Hamimu alifungua mdomo. Aliyesema ni Chanelle.

"Mama, nipatie saa moja. Na maji ya moto, si ya kuchoma, ya kuoga mutoto. Na beseni. Halafu tutamupaka mafuta."

Assia alimtazama mumewe. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na mmoja, na uso ule aliuona mara mbili tu kabla ya siku hiyo, mara zote mbili hospitalini. Akakiweka kisu juu ya boneti la gari la watu.

"Saa moja," akasema, akaenda kuchemsha maji.

"Mafuta mi ninayo," akasema Hamimu akikimbilia kwenye rafu, na akarudi amebeba kopo la oili ya gia.

"Fundi! Si hiyo!" Chanelle alicheka licha ya mambo yote, akatoa vazelini kwenye begi lake. "Unataka kuku au unataka giaboksi?"

Beseni likaja. Hamimu alitaka kumshika Mazuti mwenyewe, lakini mikono yake ilikuwa imejaa grisi, kwa hiyo Assia akakunja mikono ya gauni, akaketi juu ya kigoda, akamchukua. Alimzamisha mpaka tumboni, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine mgongoni, kama alivyowashika watoto wake watano. Mazuti alipapatika mara moja. Kisha joto likamwingia, akalegea, akaegemeza kichwa kwenye kiwiko cha yule yule aliyekuwa na kisu.

Dakika zikapita. Assia aliongeza maji ya moto yalipopoa. Chanelle alivaa glavu, akampaka kuku vazelini pale pa kutagia, na ndani kidogo, kwa ncha ya kidole.

"Naiona," akasema. "Kichwa ya yai iko karibu."

"Basi ivute!" akasema Hamimu.

"Apana."

"Si iko karibu? Bana kidogo, vuta..."

"Ikivunjika ndani, maganda itamukata, na atakufa kesho kutwa kwa maumivu." Chanelle akainua kichwa. "Fundi, ulipofungua pikipiki yangu, ile buloni, bolti ya egzosi, ilishika kutu. Mi nilikuambia uipige nyundo nirudi kazini. Ulinijibu nini?"

Hamimu aliinamisha macho. Maneno hayo aliyasema kila siku kwa kila mwanagenzi aliyepita gerejini kwake. Aliyasema mpaka wakamtania nayo.

"Chuma yenye kukwama inabembelezwa," akasema polepole. "Moto, mafuta, na subira."

"Moto tumetia. Mafuta tumetia."

Hamimu akaketi chini kwenye saruji. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona jinsi kanuni yake ilivyokuwa ngumu kwa mwenye mali anayengoja. Akamwambia mkewe, akitazama beseni:

"Mama Sijaona. Ile mayai kumi..."

"Ni ya Birindwa," akasema Assia.

"Ulijua?"

"Baba Sijaona. Kuku yako inatagaka yai ya rangi ya chai. Halafu asubuhi moja imetaga kumi, meupe pe, na ziko sawasawa zote? Mi nimezaa batoto tano, na weye unataka kunifundisha kuzaa?"

Chanelle aligeuza uso akajifanya anatafuta kitu kwenye begi. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Na mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka kuona utafika wapi." Assia alimwagia kuku maji mgongoni kwa kiganja. Aliposema tena, sauti ilikuwa chini. "Na nilikuona namna ulifurahi. Tangu mafuta ipotee sijakuona umefurahi hivyo. Nikasema, basi, acha Mzee Karimu ale samaki."

Hamimu alinyoosha mkono akamshika mkewe kifundo cha mguu, kitu pekee alichoweza kukifikia kutoka pale chini, akakishika.

Walimfuta Mazuti kwa kanga kuukuu, wakamlaza ndani ya katoni yenye matambara, chupa ya maji ya moto ubavuni, wakafunika juu apate giza. Chanelle alimdondoshea kalsiamu ya maji mdomoni, tone kwa tone. Kisha wakangoja. Chanelle alikunywa chai aliyopewa na Assia. Assia alichambua mchele. Hamimu alifungua kabureta lisilokuwa na kosa lolote, akalisafisha, akalifunga, akalifungua tena.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza waliposikia ndani ya katoni kishindo kidogo, kisha kimya, kisha sauti ya Mazuti akizungumza peke yake.

Hamimu hakuthubutu. Chanelle ndiye aliyefunua. Pale kwenye matambara palikuwa na yai kubwa kupita kiasi, ganda lake gumu upande mmoja na laini upande mwingine, lina mchirizi mwembamba wa damu. Pembeni alikaa Mazuti, mnyonge, amechafuka, mwenye hasira. Aliponyooshewa kidole, alikidonoa.

"Alhamdulillahi," akasema Hamimu, akageukia ukuta. Alilia kidogo. Wanawake wawili wakamwachia ukuta wake.

Chanelle alimkagua kuku tena, akaona ndani kumechubuka, akamchoma sindano ili pasioze. Alieleza bila kuficha: tatizo lile laweza kurudi, kuku aliyekwama mara moja amtazamwe kila siku, na chanzo chake ni chakula. Ukoko na makombo ya mkate wa gereji havijengi ganda. Apewe majani, apewe dagaa wakavu, na maganda ya mayai yaliyokaangwa na kutwangwa yakawa unga.

"Na kitu ingine," akasema akifunga begi. "Sababu ya hii sindano, nyama yake na mayai yake, mutu asikule siku kumi na ine."

Hamimu aliinua kichwa taratibu.

"Kumi na ine?"

"Kumi na ine."

"Dokteri," akasema kwa heshima kubwa, "hamuna dawa ya mwezi muzima?"

"Nimekusikia," akasema Assia.

Jumamosi Mzee Karimu alifika na ujumbe wake, kofia nyeupe, fimbo mkononi, na mbele yake ikawekwa sahani ya samaki, mukeke wa kukaanga aliyetoka ziwani asubuhi ile. Hamimu akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Lakini Assia hakuwa mtu wa kuficha sufuria: akasimama mbele ya wageni akasema wazi kwamba kuku wa nyumba yuko chini ya dawa, daktari amekataza aliwe, na wao hawataki kumlisha mkwe wao sumu siku ya kwanza.

Mzee Karimu alitafuna, akameza, akamwomba Mungu amjalie huyo kuku afya.

"Niwaambie siri?" akasema. "Mimi firigisi siiwezi tena. Meno yameisha. Lakini kila nyumba naenda banapanga firigisi juu ya sahani, na mi nitafanya nini? Naitafuna tu kwa heshima, mpaka nyumbani ninalala na taya inauma. Hii samaki, mama, Mungu akubariki."

Posa ikakubaliwa kabla ya chai. Sijaona alicheka jikoni mpaka akakohoa, na Hamimu akabaki kujiuliza kama dunia nzima ilikuwa ikiteseka kwa ajili ya firigisi ambayo hakuna aliyeitaka.

Hata hivyo siku kumi na nne hupita. Mazuti alianza kula, kilemba kikarudia wekundu, na siku ya tisa akataga yai zuri la rangi ya chai, ambalo Hamimu alilizika nyuma ya gereji kwa kumtii daktari. Juu ya siku hizo hakuna aliyesema kitu. Ila kwenye kalenda ya jikoni Hamimu aliona Alhamisi moja imezungushiwa kalamu nyekundu, na hakuizungushia yeye. Arusi ilikuwa inakaribia. Wageni wangekuja wengi, na si wote wasio na meno.

Alhamisi ile ikafika. Hamimu alikuwa chini ya gari, la kwanza baada ya wiki mbili, na Mazuti alikuwa karibu na sikio lake kama kawaida. Ndipo aliposikia kinu jikoni. Tu, tu, tu. Assia alikuwa anatwanga. Hamimu alijua nyumbani kwake hutwangwa nini asubuhi: kitunguu saumu na tangawizi. Na alijua vinatwangiwa nini. Aliuweka mkono wake wenye grisi juu ya mgongo wa kuku, akaulaza hapo. Angesema nini? Mke wake alishampa saa moja, akampa na siku kumi na nne. Mtu mwenye haki angeomba nini zaidi?

Kinu kikanyamaza. Nyayo zikaja, zikasimama kando ya gari.

"Baba Sijaona. Toka huko na kuku yako."

Akatoka kwa mgongo, kuku kifuani. Assia alikuwa ameshika sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Akakiondoa. Ndani mlikuwa na unga mweupe wa chengachenga, unaonuka moto kidogo.

"Ni maganda ya mayai ya Birindwa," akasema. "Niliweka yote, tangu tuliyakaanga. Dokteri alisema siku kumi na ine zikiisha tuanze kuokota mayai tena, sasa lazima kuku ipate nguvu. Nilizungusha kwenye kalenda nisisahau."

Hamimu alimtazama mkewe. Alitaka kusema neno kubwa, la maana, na kwa kuwa hakulipata alisema lililokuwepo.

"Nilifikiri ni kitunguu saumu."

"Najua ulifikiri," akasema Assia. "Mutie chini, ale."

Akamtua. Mazuti aliinamisha kichwa upande mmoja, akaupima unga kwa jicho, akadonoa. Mume na mke walisimama pale katikati ya gereji, hawana pa kwenda, wakamtazama mpaka akaimaliza sahani.